Jinsi ya Kuutoa Utafiti Kabatini

Tafuta funguo kwanza. Mwongozo mpya wa matibabu upo, wala usihangaike kuuagiza tena. Ulifika kituoni ndani ya bahasha ya kaki, ukasainiwa kwenye daftari la barua, ukafungiwa kabatini ofisini kwa mganga mfawidhi pamoja na mabango ambayo bado yamekunjwa kama yalivyotoka kiwandani. Funguo anazo mtu wa stoo, na mtu wa stoo yuko likizo. Mpigie simu, akwambie alizificha wapi.

Ukishafungua, usianze kushangilia. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha mapitio makubwa ya Alexander Rowe na wenzake, waliokusanya tafiti za namna ya kuinua utendaji wa watoa huduma za afya katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kumpa mtaalamu karatasi asome, bila kingine chochote, kwa kawaida kuliinua utendaji kwa pointi 1.4 za asilimia. Mafunzo yaliyoambatana na usimamizi yaliuinua kwa pointi 18 hivi. Kwa hiyo anayechapisha nakala elfu kumi, akazisambaza wilayani, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba mwongozo "umetekelezwa", amesafirisha karatasi. Mgonjwa hajafikiwa.

Mwongozo huu mfupi ni wa wale wanaotaka mgonjwa afikiwe: muuguzi wa zahanati, tabibu wa kituo cha afya, mkunga wa zamu ya usiku, na wakubwa wao wanaoshika bajeti.

Chagua jambo moja. Najua semina ilikuwa na mada kumi na nne na kila mwezeshaji aliapa kwamba yake ndiyo ya kufa na kupona. Chagua moja hata hivyo, na lichague kwa kuangalia ni nini kinachoua au kulemaza watu kwenye eneo lako, ambacho tayari kina dawa au mbinu iliyothibitishwa, na ambacho hamkifanyi ipasavyo. Rejesta za MTUHA, yaani za taarifa za huduma za kituo, zitakwambia. Zina vumbi, lakini hazina unafiki.

Tuseme umechagua kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Umechagua vizuri, na tukae hapa kidogo, maana hapa kuna somo lote.

Leba, saa nane usiku. Mkunga ni mmoja, mama wako watatu. Mtoto ametoka, analia, na damu inatoka pia. Imetoka kiasi gani? Nyingine imenywewa na kanga, nyingine imetiririka kwenye mpira wa kitanda, nyingine iko kwenye ndoo imechanganyika na maji ya uzazi. Mkunga anatazama, anakadiria, anaandika "kawaida". Si mvivu wala si mjinga. Jicho la binadamu halijaumbwa kupima mililita, hasa jicho lililokesha.

Mwaka 2023 matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE yalitoka katika jarida la New England Journal of Medicine. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Nusu ya hospitali ziliendelea na utaratibu wao. Nusu nyingine zilipewa shuka la plastiki la kutandika chini ya mama, lenye mfuko unaokinga damu na mistari ya kupimia. Damu ikifika mililita 500, hakuna mjadala, matibabu yanaanza. Ikifika 300 na mama ana dalili za kutia shaka, yanaanza vilevile. Na hayaanzi kwa kujaribu hiki, kusubiri, kisha kujaribu kile. Mfuko wa uzazi unakandwa, oksitosini inatolewa, asidi ya traneksamiki inatolewa, maji ya mshipa yanawekwa, njia ya uzazi inakaguliwa, na msaada unaitwa mapema kama damu haikati. Yote kwa mkupuo.

Katika hospitali zenye utaratibu wa zamani, waliogundulika ni asilimia 51.1 tu ya kina mama waliotokwa damu nyingi. Kwenye shuka la mistari waligundulika asilimia 93.1. Waliopata matibabu yote kwa pamoja walikuwa asilimia 19.4 upande mmoja na 91.2 upande wa pili. Na wale waliofikia hatua mbaya kabisa, yaani kupoteza damu lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufa kwa kutokwa damu, walipungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Sasa soma tena orodha ya matibabu hayo. Hakuna hata moja lililovumbuliwa mwaka huo. Oksitosini mkunga anaijua tangu chuoni. Asidi ya traneksamiki ilishathibitishwa mwaka 2017 na utafiti wa WOMAN, uliohusisha wanawake 20,000 hivi, kwamba inapunguza vifo vya kutokwa damu ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mstari wa kuonyesha kwamba sasa ni wakati, na vifaa kuwa mahali pamoja mkono unapofika. Ndiyo maana hospitali zile zilipewa pia toroli au begi la dharura, mafunzo ya vitendo palepale kazini, vinara miongoni mwa watumishi wao wenyewe, na taarifa za mara kwa mara za jinsi wanavyoendelea.

Kwa hiyo agizo la pili la mwongozo huu ni kwamba utafiti ugeuzwe kitu cha kushika. Ukimaliza kusoma, jiulize: kesho saa nane usiku, kitakachokuwa tofauti mezani ni nini? Kama jibu ni "watumishi watakuwa na uelewa", rudi ukaanze upya. Kama jibu ni "kutakuwa na sinia la dharura karibu na kitanda, lina kila kitu isipokuwa oksitosini iliyoko kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na kila anayeingia zamu analikagua na kusaini", umefika. Shuka la mistari likikosekana, pima uzito wa vitambaa vilivyolowa, toa uzito wake vikiwa vikavu, na hesabu kila gramu kama mililita moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini mizani haidanganyi kwa sababu ya usingizi.

Agizo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuacha. Kuanza jambo jipya kuna uzinduzi, kuna fulana, pengine na mkuu wa wilaya anakata utepe. Kuacha la zamani hakuna sherehe. Sijawahi kusikia utepe umekatwa kwa sababu wodi fulani imeacha kufanya jambo lenye madhara, na ingefaa tuanze.

Chukua dripu. Kwetu dripu ina heshima yake. Jirani akiuliza hali ya mtoto, ukisema "amewekewa dripu" anajua hospitali imefanya kazi. Kwa miaka mingi mafunzo yalielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu amiminiwe maji ya mshipa kwa kasi. Lilionekana jambo la wazi kabisa. Kisha Kathryn Maitland na wenzake wakalipima. Utafiti wa FEAST ulifanyika katika hospitali sita: nne za Uganda, moja Kilifi nchini Kenya, na moja Muheza mkoani Tanga. Watoto 3,141 wa kundi lake kuu waligawanywa kwa nasibu, baadhi wakimiminiwa maji kwa kasi na wengine bila mmiminiko huo. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki takriban watoto 10 na nusu katika kila 100 waliomiminiwa maji, na 7.3 katika kila 100 ambao hawakumiminiwa.

Watoto watatu zaidi katika kila mia moja, kwa tiba iliyotolewa kwa nia njema na mikono iliyofunzwa hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo wa 2011, na maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekebisha utaratibu huo yakatoka mwaka 2016. Utafiti ulifanyika kwa watoto wetu, katika wodi zetu, na bado ulihitaji miaka mitano kuzunguka dunia kabla ya kurudi nyumbani na muhuri. Hili linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma kila mwenye cheo katika sekta hii.

Lakini soma utafiti mpaka mwisho, usiishie kwenye kichwa cha habari. FEAST haikuwahusisha watoto waliokaushwa maji na kuharisha, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia. Mtoto aliyeharisha siku mbili, macho yameingia ndani na hawezi kunywa, bado anahitaji maji ya mshipa haraka, na atakayemnyima kwa kisingizio cha FEAST atamuua kwa utafiti alioushika nusu. Kila matokeo yana watu wake. Kabla hujabadilisha tiba, uliza ni mgonjwa wa namna gani aliyepimwa, kisha umwangalie aliyeko mbele yako.

Tuje kwenye kipimo cha malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Vipimo vya haraka vikaja, vidogo, rahisi, jibu ndani ya robo saa. Lakini tatizo lilishaonekana mapema. Utafiti wa Hugh Reyburn na wenzake, uliofanyika katika hospitali tatu za kaskazini-mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa katika BMJ mwaka 2007, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria. Kipimo kikafanyika, kikalipiwa, kikasomwa, kisha kikapuuzwa.

Kabla ya kumlaumu tabibu, kaa kwenye kiti chake. Nje kuna foleni ya watu sitini. Ndani kuna mama aliyeamka alfajiri, kapanda bodaboda, na mtoto mgongoni ana joto.

"Kipimo hakijaonyesha malaria, mama."

"Sasa daktari, nirudi nyumbani mikono mitupu?"

Hapo ndipo utafiti mwingi unapofia. Tabibu ameambiwa asitoe dawa mseto ya malaria, lakini hakuna aliyemfundisha atoe nini badala yake, wala amwambie nini mama huyu. Neno "hapana" peke yake halijamtibu mtu. Mpe tabibu kazi ya kufanya kipimo kinapokuwa hasi, naye ataifanya.

Kazi yenyewe ni hii. Mwombe mama amtulize mtoto, amfunue kifua. Tazama kifua kikipanda na kushuka, uhesabu kwa dakika nzima. Si sekunde kumi na tano mara nne, kwa sababu pumzi ya mtoto haiendi kwa mpangilio, na kosa dogo ukilizidisha mara nne linakuwa ugonjwa usiokuwepo au linaficha uliopo. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Anakohoa na pumzi ni za haraka, ana nimonia, atahitaji amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha. Anaharisha, mpe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajatimiza miezi 6. Ni mafua tu, mwambie mama hivyo, kisha mtajie dalili za kumrudisha mbio: akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka.

Mama huyo hajarudi mikono mitupu. Ameona mwanawe akiangaliwa, na amerudi na maneno anayoweza kuyarudia kwa bibi nyumbani. Kwa kazi hiyo kituo kinahitaji saa yenye mshale wa sekunde. Nunua. Saa ya ukutani iliyosimama saa nne kasoro tangu uzinduzi wa jengo haihesabu pumzi.

Kuhusu semina nitasema machache kwa sababu kila mtu analijua hili na wengi wanaliogopa. Aliyepelekwa kwenye mafunzo hotelini mjini mara nyingi si yule anayeona wagonjwa. Peleka mkunga wa usiku. Ukishindwa kumtoa kituoni, peleka mkufunzi kwake, na mafunzo yafanyike kwenye kitanda kilekile na droo ileile iliyokwama.

Kisha rudi. Nchini Kenya, kati ya mwaka 2006 na 2008, hospitali nane za wilaya ziliingizwa katika utafiti wa kuboresha matibabu ya watoto waliolazwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Hospitali zote zilipata miongozo. Nne kati yake zilipata zaidi: mafunzo kamili, usimamizi wa kufuatilia, mrejesho wa ana kwa ana, na mwezeshaji aliyekuwa mtumishi wa hospitali hiyohiyo. Nne hizo ziliwaacha wenzao mbali. Naona siri kubwa iko kwa huyo mwezeshaji wa ndani. Mgeni wa wizarani anakuja na gari na kuondoka kabla ya jua kuzama. Sista wa wodi yupo Jumatatu, yupo Jumanne, na fomu ya kulazwa ikijazwa nusu yeye ndiye anayeirudisha kwa mhusika.

Usimamizi nao uwe usimamizi. Ukifika kituoni kutoka wilayani, acha kwanza kuhesabu mihuri na sahihi. Omba ruhusa ya mgonjwa, kaa kwenye kona ya chumba cha daktari, utazame wagonjwa watatu wakihudumiwa. Utajifunza kuliko katika rejesta kumi na mbili. Kisha mwambie mtumishi alichofanya vizuri na kimoja cha kurekebisha, kwa sauti ya chini, si mbele ya foleni.

Simu ya mkononi inaweza kusaidia. Dejan Zurovac na wenzake waliwatumia wahudumu wa zahanati na vituo vya vijijini nchini Kenya ujumbe mfupi wa kukumbusha matibabu sahihi ya malaria kwa watoto, mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa miezi sita. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2011: matibabu sahihi yaliongezeka kwa pointi 23.7 za asilimia mara baada ya zoezi, na 24.5 miezi sita baadaye. Nayapenda matokeo haya, lakini nawaomba wenye miradi ya programu za simu wasiyapakie kwenye kila andiko la kuomba fedha. Mapitio yaleyale ya 2018 yalionyesha kwamba teknolojia peke yake kwa kawaida haikuleta karibu chochote. Ujumbe ule ulihusu kazi moja, iliyo wazi.

Na upo utafiti usioweza kutekelezwa kwa ari ya muuguzi hata awe malaika, kwa sababu unadai samani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, yaani kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza utaratibu huo.

Sasa nenda wodi ya watoto wachanga ukaangalie mlangoni. Mama haruhusiwi kuingia ila kwa saa ya kunyonyesha, na akiingia hana pa kukaa. Kumsisitizia muuguzi umuhimu wa kangaruu hapo ni kumwonea. Kinachotakiwa ni kitanda cha mama ndani ya wodi ileile, na vitanda vinanunuliwa na wenye bajeti. Utekelezaji mwingine ni wa mikono, mwingine ni wa sahihi.

Watafiti nao wasidhani wamesalimika. Mliochukua damu Muheza, mliojaza dodoso Kilifi, mlioahidi kurudisha matokeo kwa jamii: rudini. Njooni na Kiswahili, bila slaidi sitini, mkae na wauguzi waliowajazia fomu usiku, muwaambie mlikuta nini na wao wabadilishe nini. Inatosha nusu saa, wakati wa kukabidhiana zamu.

Na wewe mganga mkuu wa wilaya unayeandaa mpango kabambe wa mwaka ujao: ondoa safari moja ya semina, uweke mashuka ya kupimia damu, saa za sekunde kwa kila chumba cha daktari, na vitanda vya mama kwenye wodi ya watoto wachanga. Andika vifungu hivyo kwa majina yake, kila kimoja na idadi yake, ili anayepunguza bajeti alazimike kuvikata akiviona.